Ugali wa Ngorongoro umetoka wapi?

Wadau, watalii wanaopita Karatu kuelekea kreta husimuliwa kwamba Mmasai anaishi kwa maziwa, nyama na damu, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Ingia boma la Ngorongoro jioni, mara nyingi utakaribishwa ugali, uji au loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Mahindi yamefikaje kwa mfugaji?

Rudi mwaka 1892. Mzungu mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alishuka kreta akawakuta Wamasai wamekonda kwa njaa. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wao. Mfugaji asiye na ng'ombe atakula nini kama si nafaka ya jirani?

Jirani huyo wa leo, Mwiraqw wa Karatu, naye ni mhamiaji. Katika karne ya 20 Wairaqw wengi walishuka kutoka milima ya Mbulu wakitafuta ardhi, wakaja na jembe na ng'ombe pamoja. Oldeani walowezi wa Kijerumani walipanda kahawa, hadi Vita Kuu ya Pili ilipowapokonya mashamba. Kahawa ikabaki, lakini ilikwenda ng'ambo. Sisi tuliachiwa chai! Na kile kitunguu cha Mang'ola unachoungia maharage Dar kinamwagiliwa kwa chemchemi za bonde la Eyasi, nchi ambayo Wahadzabe walichimba mizizi na kurina asali.

Turudi kwa Wamasai. Mwaka 1959 waliondolewa Serengeti wakaambiwa Ngorongoro ndiko kwao, na wanyamapori watawakuta humo humo. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1992 kikaruhusiwa, vishamba vya jembe la mkono tu, na mwaka 2009 kikafungwa tena. Sasa piga hesabu ya mama wa boma: ng'ombe wamepungua, watoto wameongezeka, bustani ya mahindi nyuma ya nyumba ni kosa. Linalobaki ni kuuza mbuzi na kununua unga. Bei ya mbuzi ikishuka kwa ukame, ya unga ndiyo inapanda. Halafu mtu anakuambia Wamasai "wamestaarabika" kwa sababu wanakula ugali.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia baadhi yao Msomera, wilayani Handeni. Kati ya walivyopewa wakifika huko ni nyumba, na shamba la kulima.