Kukinga ni Kukinga

Mtu wa Dirma, wilayani Hanang, hahitaji kufundishwa ukame wala mafuriko. Amevikuta vyote viwili, mara nyingine ndani ya mwaka mmoja. Sisi tunaolinda lugha tuna deni dogo kwake: tuyapime upya majina ya yaliyompata.

Mafuriko. Hufurika kitu chenye ukingo: sufuria ya maziwa, mto, hata moyo. Neno linadai kwamba maji yalikuwa na chombo chao, yakakivuka. Maji yanayoshuka kutoka kwenye mteremko uliofyekwa miti yalikosa chombo tangu juu. Ukiyaita mafuriko, lawama inaangukia mto ambao haukuhusika.

Gharika. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni kuzama. Mafuriko hutazama mto, gharika humtazama anayezama. Lakini neno hili limeishi mno na Nabii Nuhu, likajaa harufu ya hukumu. Tulitumie kwa adabu, tusije tukamsingizia Mungu kazi ya shoka.

Maporomoko. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilishuka juu ya Katesh na vijiji jirani ikiwa tope, mawe na magogo, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Tuliandika “maporomoko”, neno lilelile la maji meupe ambayo watalii huyapiga picha. Napendekeza mmeguko. Wataalamu walieleza kwamba miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka, kwa hiyo kitenzi kilikuwapo na kilichokosekana ni nomino. Tena ni kitenzi cha mezani: ukimega tonge, ugali unabaki na pengo. Mlima nao umebaki nalo.

Ukame. Kwanza tuutenge na kiangazi. Kiangazi ni msimu, kinabisha hodi na kinaaga. Ukame ni mgeni aliyekataa kuondoka. Sikio langu, bila kiapo cha mwanaisimu, hulisikia neno hili kando ya kukama: ng'ombe aliyekamwa mpaka chuchu zikanywea. Mfugaji wa Kibarabaigi hatanibishia.

Kwa Wairaqw, Looa ni Mungu na ni jua, naye huombwa kama mama. Netlaame, roho wa kuogopwa, hukaa majini. Jua na maji vimo katika simulizi moja. Sisi tumevitenga: ukame una ripoti yake, mafuriko yana yake. Ilhali udongo uliokaukiana ukawa mgumu hushindwa kuinywa mvua ya kwanza, na maji hupita juu yake mbio. Ukame ndio ulioyafagilia mafuriko njia. Jozi hii naiita maafa ya zamu: mmoja akitoka lindoni, mwenzake anaingia.

Waathirika au waathiriwa? Kiambishi -ik- husema jambo limetokea tu, kama kikombe kilivyovunjika. Kiambishi -w- hudai mtenda. Aliyepigwa na radi ataitwa mwathirika. Lakini aliyesombwa na maji ya mteremko uliokatwa miti na watu, huyo ni mwathiriwa. Herufi moja, na swali la “nani?” linabaki wazi.

Halafu wapo tunaowaita “wanyonge”, “makundi maalumu”, “walio katika mazingira magumu”. Unyonge unakaa mwilini mwao, ugumu unakaa kwenye mazingira, na hakuna anayeulizwa kitu. Mimi nasema jamii zisizokingwa. Kutokingwa kuna mwenye wajibu.

Tena kukinga kuna utajiri ambao hatukuutafuta mbali. Mvua ikianza kugonga bati, mama hupaza sauti, “Kingeni maji!”, na mtoto anakimbia na beseni chini ya paa. Kitenzi hichohicho hutumika kwa mkono unaozuia fimbo. Kukinga maji yasikubomolee, kukinga maji usije ukayakosa: mafuriko na ukame vimejibiwa kwa neno moja, nalo kila nyumba inalijua.