Safari ya Mbali na Ugonjwa wa Akili

Mtu akirudi kutoka ng'ambo amechanganyikiwa, utasikia majirani wakisema, "Huyu alikuwa hivyo tangu zamani." Neno hilo liliwahi kusemwa na daktari mkubwa, tena kwa takwimu.

Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard wa Norwe alichapisha uchunguzi juu ya Wanorwe waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani. Alipekua daftari za hospitali ya wagonjwa wa akili kuanzia 1889 hadi 1929. Akakuta kwamba wahamiaji hao waliugua skizofrenia karibu mara 2 ya Wanorwe waliobaki kwao. Skizofrenia ni ule ugonjwa wa kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini kabisa kwamba watu wamepanga kukudhuru.

Kwa nini iwe hivyo? Ødegaard alijibu kwamba wenye mwelekeo wa ugonjwa ndio wasiotulia nyumbani, basi ndio wafungao virago. Lawama ikamwangukia msafiri. Mimi naona jibu hilo lilikuwa jepesi mno, kwa maana kilele cha kuugua kilionekana miaka 10 hadi 12 baada ya kufika. Mgonjwa wa tangu nyumbani angengoja muda wote huo?

Jaribio kali lilikuja mwaka 2002 huko Uholanzi. Theluthi moja hivi ya watu wa Suriname, koloni lililopata uhuru 1975, walikuwa wamehamia huko. Watafiti wakapiga hesabu ya ajabu: tuseme nchi nzima ilihama, wazima kwa wagonjwa, bila kuchaguliwa mtu. Hata hivyo, Wasuriname wa Uholanzi bado walionekana kuugua kuliko Waholanzi.

Mwaka 2005, tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja, wahamiaji walikuwa na hatari mara 2.7 ya wenyeji, na watoto wao mara 4.5. Watoto hao wengi walizaliwa ugenini. Hawakufunga virago vyovyote!

Uingereza nayo, uchunguzi wa London, Nottingham na Bristol uliotolewa 2006 ulionyesha kuwa watu wenye asili ya Karibi waliugua mara 9 ya Waingereza weupe, na Waafrika weusi karibu mara 6. Lakini huko Jamaika, Trinidad na Barbados kwenyewe, ugonjwa haukuwa juu hivyo. Kusini mwa London ilionekana, mwaka 2001, kuwa watu wa makabila ya wachache waliugua zaidi katika mitaa ambayo wenzao walikuwa haba. Kwa hiyo macho yakageukia mapokezi: kubaguliwa, kutengwa, kukosa jamaa karibu.

Usiogope kupita kiasi, msikilizaji. Wengi sana wanaosafiri hawapatwi na ugonjwa huu. Lakini kama ndugu yako aliye ng'ambo ameanza kukesha, ameacha kupiga simu, au anasema anafuatwa na watu, usibishane naye na usimcheke. Mwombe aende kwa daktari pamoja na mtu anayemwamini. Akiwa amesharudi, mpeleke katika kliniki ya magonjwa ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Dawa zipo, na hufaa zaidi zikianzwa mapema.