Kitabu cha Kukodi

Usiku mmoja Machi 2024 nilifungua sura ya tisa ya kitabu changu, nikagonga kibodi, na hakuna herufi iliyotokea. Juu ya skrini kulikuwa na mstari wa njano: usajili wako umeisha. Kusoma niliruhusiwa. Kuchapisha pia. Kuongeza neno moja kwenye sentensi niliyoiandika mwenyewe, hapana, mpaka nilipe. M-Pesa ilikuwa na shilingi 340, na asubuhi nilikuwa na miadi na mzee mmoja wa Nyamira aliyekubali kunisimulia mambo ya 1908.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu wengine. Usiku najiandikia mwenyewe. Kitabu ni cha Otenyo. Ukikulia Kisii umesikia kisa hiki hata kama hukutaka: Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Northcote, ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti, na Moraa, mama mwenye maono, ndiye aliyemtia moyo. Jeshi likaja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Northcote alipona, akapanda cheo mpaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa.

Sasa angalia nani ana karatasi. Aliyepona ana mafaili, ripoti, barua zenye tarehe. Aliyeuawa ana masimulizi, na masimulizi yamekaa kwenye vichwa vya watu walioyapata kwa baba zao, watu ambao kila mwaka tunawazika. Kitabu cha namna hii hakikai kwenye faili moja. Nina mahojiano arobaini na kitu, ramani, nukuu, na sura ambazo bado hazijui zitakaa wapi. Ndiyo maana nilijiandikisha kwenye programu ya kulipia kila mwezi. Ilipanga kila kitu pembeni vizuri sana, siwezi kudanganya.

Lakini bei ilikuwa ya dola. Dola 10 kwa mwezi zinasikika kama kitu kidogo. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, kwa hivyo zile kumi zilikuwa zaidi ya 1,600. Baadaye mwaka huo huo shilingi ikapata nguvu, dola ikashuka mpaka karibu 130, zikawa 1,300. Programu haikubadilika hata kidogo, mimi ndiye niliyekuwa napanda na kushuka. Magokoro, nyanya yangu, ana majani chai Nyamira na anaijua hii hesabu kuliko mimi: chai inauzwa kwa dola, bonasi inakuja mara moja kwa mwaka, na deni la duka halingoji bonasi.

Kulipia kuandika si jambo geni huku kwetu. Babu alikuwa mwalimu wa msingi na alikuwa na kesi ya shamba isiyoisha. Aliandika kwa mkono, akapanda matatu mpaka mjini Kisii, akampa mpiga chapa aliyekaa na taipureta yake si mbali na mahakama. Alilipa kwa ukurasa. Ukikosea, ukurasa unarudiwa na unalipa tena. Kwa hivyo barua zake ni fupi mpaka zinauma, hakuna neno la mapambo hata moja. Lakini kila mara alirudi nyumbani na kabonikopi. Magokoro bado anazo kwenye bati la biskuti. Yule mpiga chapa aliuza jasho lake, akamaliza. Hakuwa na njia ya kuja Nyamira usiku kulifunga lile bati kwa sababu babu hajalipa mwezi huu.

Kompyuta nazo zilianza kwa kununuliwa. Mwaka 1968 mwandishi Len Deighton wa London alitolewa dirisha la nyumba ili mashine ya IBM ya kuandikia iingizwe kwa winchi, na kwa mashine hiyo akaandika riwaya ya Bomber, iliyotoka 1970. Ilikuwa kubwa kama fenicha. Baadaye zikaja programu za kwenye diski: unanunua mara moja, ni yako. George R. R. Martin bado anaandika kwa WordStar 4.0, programu ya miaka ya themanini, kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Watu humcheka. Mimi siku hizi simcheki, maana hakuna anayemdai. (Sisi wa huku tulikuwa na njia ya tatu, CD ya kunakiliwa. Sijui mtu wa rika langu aliyewahi kununua Word dukani, na wewe unayesoma pia usijifanye.)

Mambo yaligeuka taratibu. Microsoft walileta Office 365 mwaka 2011. Adobe wakahamia kwenye usajili 2013. Ulysses, programu inayopendwa na waandishi wa vitabu, wakafuata 2017, na watumiaji wakapiga kelele. Kampuni zina hoja yao, na si ya kijinga: kurekebisha programu ni kazi ya kila siku, na mfanyakazi anakula kila mwezi. Nakubali. Kinachonisumbua ni nini hutokea mwezi ambao mimi sili.

Ngũgĩ wa Thiong'o, kule Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya yake ya Kigikuyu kwenye karatasi za choo. Ofisa wa gereza akazichukua, baadaye zikarudishwa. Kamiti ni Kamiti, na bedsitta yangu ya Nyanchwa ni bedsitta tu, siwezi kuzifananisha. Lakini usiku ule wa Machi nilielewa kitu kimoja: swali la kwanza kuuliza kuhusu programu linahusu siku utakayoishiwa. Siku hiyo, maneno yako yako wapi, na yanafunguka na nini?

Nikaanza kutafuta upya kwa swali hilo. Scrivener ilinivutia: imekuwepo tangu 2007, unalipa karibu dola 60 mara moja, na ndani yake kila kipande ni faili ya kawaida ambayo programu nyingine inaweza kuisoma. Dola 60 lakini ni kodi ya nyumba kwa watu wengine. Google Docs ni bure, ila bando ikiisha mambo yanakuwa magumu kama hukujipanga mapema, na sura zikifika mia mbili kurasa laptopu yangu inaanza kukohoa.

Nikaishia LibreOffice, bure, inayohifadhi kwa muundo ulio wazi ambao ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Nilipoisoma historia yake nilikuta jamaa. Kabla haijazaliwa 2010 ilikuwa OpenOffice, na mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa tayari wameitafsiri kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Nilikuwa mtoto mdogo. Wakati sisi tunahangaika na CD za kunakili, kuna watu Dar walikaa wakabishana neno la kutumia kwa kila kitufe.

Si raha tupu. Haina ule upangaji wa pembeni niliouzoea, kwa hivyo kila sura ni faili yake, yenye namba, ndani ya folda moja, na nakala kwenye flashi. Kuhamisha sura tisa kulinichukua wikendi nzima, na maandishi ya pembeni yote yalipotea njiani. Hayo nimeyaandika upya kwa kukumbuka, na nina hakika mengine sikuyakumbuka.

Yule mzee nilimfuata asubuhi ile na kaunta buku na kalamu mbili. Aliongea kuanzia chai ya saa nne mpaka mvua ya alasiri. Kuhusu Moraa alinipa habari ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine, kisha akaikatisha katikati, akasema turudi siku nyingine. Alizikwa Agosti. Nusu ile iko ukurasa wa 61 wa kaunta buku, na iko kwenye sura ya tisa, ambayo jana usiku niliifungua ikakubali.