Exetat: neno dogo "that" linalokatisha pointi

Mwanafunzi wa Kalemie anayetayarisha Exetat, angalia vizuri maswali ya Kingereza yenye "than". Sisi tunasema: kina cha Tanganyika, metre karibu 1,470, ni kikubwa kupita cha Kivu. Ile "cha" inashika nafasi ya "kina". Kingereza nacho kinadai neno la kushika nafasi hiyo: "The depth of Tanganyika is greater than that of Kivu." Ukichagua "than Kivu", umelinganisha kina na ziwa, pointi imeenda. Na "more great"? Hapana, ile ni "plus" ya Kifaransa inatudanganya. Tena, vitendo vikifuatana, viishe namna moja: "fishing, drying and selling", si "to sell".