Vipi Kompyuta Ilifundishwa Kusoma Picha za Mwili

Mtu akitoka kwenye chumba cha skani pale hospitali husema, "Nimepigwa picha ya kichwa." Sote twasema hivyo na hakuna ubaya. Lakini mashine ile haikumpiga picha kama kamera inavyompiga bwana harusi. Imempima maelfu ya mara kutoka kila upande, halafu kompyuta ikakaa ikafanya hesabu, na kile anachokiona daktari kwenye skrini ni jawabu la hesabu hiyo. Hesabu ikienda kombo, picha nayo yaenda kombo, na mgonjwa ndiye atakayeumia. Kwa hivyo historia tunayotaka kukusimulia hapa si ya mashine peke yake. Ni ya programu, na ya watu walioziandika, na namna walivyozikagua kabla ya kuziamini.

Tuanzie mbali kidogo. Miale ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Ilikuwa ajabu kubwa, lakini eksirei ya kawaida ni kivuli tu. Mbavu, moyo na mapafu vyote hulaliana juu ya karatasi moja. Mfupa waonekana vizuri. Ubongo, ambao uko ndani ya fuvu, hauonekani wa maana wowote.

Sasa njoo Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia mmoja mzaliwa wa Johannesburg, Allan Cormack, aliombwa kusaidia kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, kwenye kitengo cha kutibu kwa mionzi. Akaona jambo lililomkera. Dozi za wagonjwa zilikuwa zikihesabiwa kana kwamba mwili mzima ni kitu kimoja, hakuna mfupa, hakuna pafu, hakuna nyama. Akajiuliza: je, ukipitisha miale kutoka pande nyingi na ukapima kiasi kinachotokea upande wa pili, waweza kujua kilichomo ndani bila kupasua? Jawabu la kihesabu lilikuwa limeshapatikana mwaka 1917 na Johann Radon wa Austria, ila Cormack hakulijua, ikambidi alitafute upya mwenyewe.

Mwaka 1957 alifanya jaribio kwa gogo dogo la alumini lililozungushiwa mbao. Hesabu ikamtolea kitu asichokitarajia: pale katikati ya alumini palikuwa na tofauti kidogo. Wengi wetu tungesema ni kosa la kipimo, tukaendelea na safari. Yeye akaenda kuulizia, na ikabainika kwamba ndani ya alumini ile mlikuwa mmepachikwa kijiti kilichozuia miale kwa kiasi kidogo kuliko alumini iliyokizunguka. Kumbe hesabu iliona kitu ambacho mwenye jaribio hakukijua! Alichapisha kazi yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Cormack mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala lilitoka kwa kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji milimani. Madaktari kimya.

Aliyeijenga mashine yenyewe alikuwa Mwingereza, Godfrey Hounsfield, ambaye hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alijifunza mambo ya rada katika jeshi la anga, kisha akaajiriwa na EMI, kampuni iliyojulikana zaidi kwa santuri za muziki. (Utasikia ikisemwa ati pesa za Beatles ndizo zilizolipia mashine hii. Ni hadithi tamu, lakini wizara ya afya ya Uingereza nayo ilitia pesa nyingi, na hiyo haisimuliwi sana.) Alianza mwaka 1967, wala hakuwa amesikia habari za Cormack. Jaribio lake la kwanza lilichukua siku 9 kukusanya vipimo 28,000, kisha kompyuta ikakaa saa 2 na nusu kuvifanyia hesabu. Siku tisa, kwa picha moja! Alipobadilisha chanzo cha mionzi akatumia bomba la eksirei, muda ukashuka hadi saa 9.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, London, yeye na Dakta James Ambrose walimpima mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni. Picha ilikuwa ya miraba 80 kwa 80 tu; simu yako ya mkononi itaicheka. Hata hivyo uvimbe ulionekana waziwazi. Mpasuaji alipofungua, alikuta hali ni ileile iliyokuwa kwenye picha. Zingatia hapo, msomaji: mashine haikuaminiwa kwa sababu picha ilipendeza. Iliaminiwa kwa kuwa kuna mtu aliyefungua kichwa akalinganisha. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa pamoja.

Utaratibu wa hesabu wa aina hii, ule wa hatua kwa hatua, huitwa algorithimu, na neno hilo latokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Twapenda sana kulitaja jambo hili, na ni kweli. Ila tusilale juu ya jina. Kazi tunayoielezea ilifanywa na wengine, tena kwa jasho.

Basi picha zikawa nyingi. Miaka ya 1980 na 1990 wasomi wa vyuo mbalimbali wakaandika programu za kuzichambua: ya kuukata ubongo na kuutenganisha na fuvu, ya kulinganisha picha ya mwaka jana na ya mwaka huu, ya kupima ukubwa wa uvimbe. Taabu ni kwamba kila mtu aliandika yake. Mwanafunzi alimaliza masomo, akachapisha makala, akaondoka, na programu ikafa kwenye kompyuta aliyoiacha. Aliyekuja baada yake alianza upya, wala hakuwa na njia ya kujua kama ile ya kwanza ilikuwa sahihi.

Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa hadharani picha za mwili mzima wa mwanamume, uliogandishwa na kukatwa vipande vyembamba vya milimita 1, jumla 1,871. Alikuwa mfungwa aliyenyongwa kisheria kwa sindano ya sumu huko Texas mwaka 1993, na alikuwa amekubali mwili wake utumiwe na sayansi. Mwaka uliofuata zikatolewa za mwanamke, za vipande vyembamba zaidi. (Suala la heshima ya maiti ni zito, nawaachia masheikh.) Data hiyo ilikuwa nyingi kupita kiasi kwa wakati ule, na programu za kila mtu na lwake hazikuiweza. Ndipo mwaka 1999 maktaba hiyo ikakusanya kampuni tatu na vyuo vikuu vitatu, ikawaambia waandike hazina moja ya programu, iwe wazi, bure kwa yeyote. Ikaitwa ITK, na ikatolewa kwa umma mwaka 2002.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wetu wa kompyuta watulie kidogo. Watu wale walikuwa miji tofauti, wakitumia mashine tofauti, na programu ileile iliweza kutoa jawabu hili kwenye mashine moja na lingine kidogo kwenye nyingine. Wangefanyaje? Walikubaliana kwamba kila sehemu ya programu iandamane na mtihani wake: picha ya kuingiza, na picha iliyokubaliwa kuwa ndiyo jawabu sahihi. Kila usiku, watu wakiwa wamelala, kompyuta za kila kituo zilichukua msimbo mpya wa siku hiyo, zikaujenga kuanzia mwanzo, zikaendesha mitihani yote, zikalinganisha majawabu. Asubuhi matokeo yote yalikuwa kwenye ubao mmoja unaoonekana na kila mtu, kijani kwa waliopita, nyekundu kwa walioanguka. Aliyeharibu jana alijulikana leo kabla ya chai. Hakuna cha profesa wala mwanafunzi. Chombo walichokiunda kwa ajili ya kuijengea programu yao kwenye mashine za kila namna, CMake, kimeenea hata kwa watu ambao hawajawahi kuona skani maishani mwao.

Lakini mtihani wa namna hii una mpaka wake. Waweza kukwambia kwamba programu yafanya ulichokusudia, haukwambii kama ulichokusudia kitamfaa mgonjwa. Mfano wake ni huu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha programu ya kwanza ya kumsaidia daktari kusoma eksirei za matiti, ikitia alama pale inaposhuku saratani. Hospitali zikainunua kwa wingi. Mwaka 2007 ukachapishwa uchunguzi wa vituo 43 na picha 429,345. Katika vituo vilivyoanza kuitumia, wanawake wasio na saratani walioambiwa sawasawa kwamba wako salama walipungua kutoka asilimia 90.2 hadi 87.2, na waliokatwa vinyama vya kupimwa wakaongezeka kwa karibu asilimia 20. Saratani zilizopatikana hazikuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Yaani miaka tisa ya hofu kwa wanawake wazima, na kila kitu kwenye programu chafanya kazi sawasawa!

Baadaye zikaja programu za aina nyingine, zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano. Hizi nazo zina vituko vyao. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichunguza moja iliyofunzwa kutambua nimonia kwenye eksirei za kifua. Kwenye picha za hospitali ilizojifunzia ilifanya vizuri, kwingineko ikateleza. Walipoitazama kwa makini, wakakuta imejifunza kutambua hospitali yenyewe, hata kwa kile kidude cha chuma ambacho mpigaji eksirei hukiweka pembeni mwa picha. Hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, basi programu ikaona kujua hospitali ni njia ya mkato. Haikudanganya, hapana. Ilijibu swali jepesi kuliko lile iliyoulizwa.

Na jambo hili limeshafika kwetu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu ziweze kutumika badala ya msomaji binadamu kuchuja eksirei za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa nchi kama yetu, ambako kuna kliniki zenye mashine ya eksirei lakini hazina daktari wa kuisoma picha, hiyo ni nafuu kubwa. Programu hutoa namba, na anayepita kiwango fulani hupelekwa kutoa makohozi yapimwe. Kiwango hicho hakiji na mashine kutoka kiwandani. Kikiwekwa chini mno, maabara itajaa watu wazima. Kikiwekwa juu mno, mgonjwa atarudi nyumbani akikohoa katikati ya wanawe. Kwa hivyo shirika hilo lilizitaka nchi zijipimie zenyewe: wachukuliwe watu wa pale pale, wapigwe eksirei, watoe makohozi, na majibu mawili yawekwe pamoja, ndipo namba ichaguliwe.