Nani Aliyefunga Lango la Saltley?

Kila Februari inapofika, magazeti na redio za Uingereza hulikumbuka Saltley, mtaa wa Birmingham, kwa asubuhi moja tu, ile ya tarehe 10 Februari 1972, lango la ghala la koki lilipofungwa wakati wa mgomo wa wachimba makaa, na kwa mtu mmoja tu, Arthur Scargill, mchimba makaa wa Yorkshire. Wanaompenda wanasema aliishinda serikali akiwa kijana wa miaka 34. Wanaomchukia wanasema siku hiyo nchi ilitekwa na genge. Pande zote mbili zimekubaliana kwamba siku ile ni yake, nami nimechoka kusikia hivyo. Baba mkwe wangu, babu wa wanangu, alikuwa fundi mitambo mashariki mwa Birmingham kwa karibu nusu karne. Alifariki akiwa amevuka miaka 90, na katika yote niliyowahi kusoma juu ya Saltley sijaona sentensi moja inayomhusu mtu wa aina yake.

Asili ya mahali penyewe inajulikana, nitaipitia haraka. Saltley lilikuwa shamba la ukoo wa Adderley. Charles Adderley, aliyekuja kuitwa Lord Norton, alitoa ardhi ya bustani iliyofunguliwa mwaka 1856 na inayobeba jina la ukoo wake hadi leo. Kabla ya hapo, mwaka 1852, Kanisa la Anglikana lilikuwa limefungua chuo cha walimu cha St Peter's. Ila kilichougeuza mtaa huu ni reli. Mwaka 1845 Joseph Wright, mtengenezaji wa magari ya farasi kutoka London, alihamishia kazi yake Saltley na kuanza kuunda mabehewa. Mwaka 1862 karakana yake ikawa kampuni ya Metropolitan, na mwaka 1929 ikazaliwa Metro-Cammell. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kampuni hiyo iliunda mjini Birmingham vifaru 400 vya aina ya Mark V. Kando ya karakana kulikuwa na banda kubwa la injini za treni, na ng'ambo kidogo mitambo ya gesi. Mtoto wa Saltley alikua akisikia nyundo usiku na mchana.

Nimezaliwa Mombasa katika familia ya reli, kwa hiyo mtaa uliojengwa na reli si mgeni kwangu. Watu huletwa na kazi, halafu kazi huwafanya majirani, na majirani wakishazoeana huanza kuulizana mishahara.

Baba mkwe alizaliwa kwenye bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, katika nyumba ya mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1926 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza viligoma pamoja kwa siku tisa mwezi Mei kuwaunga mkono wachimba makaa, kisha vikarudi kazini na kuwaacha wachimba makaa peke yao. Wachimbaji walishikilia hadi majira ya baridi, wakaishia kurudi shimoni kwa njaa, kwa ujira mdogo zaidi na saa nyingi zaidi. Wengine hawakurudishwa kabisa. Miaka ya 1930 mabonde yale yalimwaga watu. Mamia ya maelfu waliondoka Wales katika miaka ya kati ya vita viwili, wengi wao vijana, wakaenda kwenye viwanda vipya vya magari na vyuma vya Oxford, Slough, Coventry na Birmingham. Yeye alipanda treni bado kijana, akaanza kwa kufagia vyuma chini ya mashine za kukereza, na akapanda hadi kuwa fundi ambaye wenzake walimletea michoro iliyowashinda.

Wanahistoria wa siku ya lango wanaukosa uhamaji huu, na bila huo siku yenyewe haieleweki. Watu wa Wales hawakuacha nyumbani kile walichojifunza mwaka 1926. Huko Cowley, Oxford, mgomo wa mwaka 1934 kwenye kiwanda cha Pressed Steel ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji wa Wales, katika mji ambao waajiri walidhani haujui chama cha wafanyakazi ni nini. Birmingham nako fundi aliyetoka bondeni alikuwa mtu wa kwanza kuuliza mwakilishi wa chama ni nani. Baba mkwe alikuwa mpole na mwenye maneno machache, lakini habari ya wachimba makaa kuachwa peke yao aliisimulia mara nyingi, na kila mara uso wake ulibadilika.

Sasa tuje kwenye lango. Mgomo wa kitaifa wa wachimba makaa ulianza tarehe 9 Januari 1972. Mitambo ya umeme ilianza kukosa makaa, na wagomaji wakawa wanasimama kwenye milango ya maghala kuzuia fueli ya aina yoyote isitoke. Ghala la mitambo ya gesi ya Birmingham lilikuwa na rundo la koki, mabaki ya makaa yaliyookwa, la takriban tani 100,000, na malori kutoka kila pembe ya nchi yalikuwa yakipanga foleni kulichukua. Kwa kweli lango lenyewe lilikuwa upande wa Nechells, wala si Saltley kamili, na wazee wa huko bado wanalilalamikia hilo kwa haki. Scargill alifika na wenzake wa Yorkshire mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Februari. Walisukumana na polisi siku baada ya siku, na malori yakaendelea kupita.

Jambo hilo husomwa haraka mno. Wachimba makaa, kwa ujasiri wao wote, walikuwa wameshindwa kulifunga lango. Scargill mwenyewe, katika mahojiano na jarida la New Left Review mwaka 1975, alieleza jinsi alivyokwenda mbele ya kamati ya wilaya ya chama cha mafundi mitambo, AUEW, ya mashariki mwa Birmingham, akawaambia kwamba hakufuata michango ya fedha, alichotaka ni wao kuweka zana chini. Aliyemfungulia mlango huo ni Frank Watters, Mskoti, katibu wa Chama cha Kikomunisti mjini, aliyewajua wawakilishi wa viwandani kwa majina. Waliokuwa na uwezo wa kukataa au kukubali ni mafundi. Walikubali.

Mtu apime uzito wa uamuzi huo. Hawakuwa wanadai hata peni moja kwa ajili yao. Siku ile ingekatwa kwenye mshahara. Tarehe 9 Februari serikali ya Edward Heath ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Kesho yake asubuhi wafanyakazi wa magari, wa vyuma na wa vipuri walitoka viwandani wakashuka kutoka pande mbalimbali za mji na mabango ya matawi yao. Wanawake wa kiwanda cha SU Carburettors walikuwa miongoni mwao, na hawa ndio waliosahauliwa kuliko wote. Kuhusu idadi ya walioandamana hesabu zinagombana: wapo wanaosema 10,000, wapo wanaofikisha 15,000 na zaidi. Kabla ya saa tano asubuhi Derrick Capper, mkuu wa polisi wa jiji, aliamuru lango lifungwe. Habari ilimfikia Reginald Maudling, waziri wa mambo ya ndani, akiwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri. Tarehe 18 ripoti ya tume ya uchunguzi ya Lord Wilberforce ilipendekeza nyongeza kubwa ya mshahara, na wachimba makaa wakarudi kazini tarehe 28 wakiwa wameshinda.

Baba mkwe alishuka na tawi lake, akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba safari hii hawakuachwa peke yao. Sijui maelezo mengine ya siku ile yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Wapo watakaosema namfanya mtu mmoja shahidi wa maelfu, na ni kweli kwamba wengi walioandamana walizaliwa Birmingham, Ireland, Karibea au Punjab, kila mmoja na sababu yake. Lakini ninachodai ni kwamba sababu hizo zilikuwapo kabla Scargill hajashuka kwenye basi. Mzungumzaji hodari anaweza kuamsha watu. Kumbukumbu ya miaka 46 hawezi kuwatia kwa hotuba ya jioni moja.

Yaliyofuata yanajulikana. Sheria ya Ajira ya mwaka 1980 ilibana haki ya kusimama kwenye lango la mwajiri mwingine, na ile ya mwaka 1990 ikafunga njia ya kugoma kwa ajili ya mwenzako, hivyo kwa walichofanya mafundi wale, leo chama chao kingeshtakiwa. Chuo cha St Peter's kilifungwa mwaka 1978. Karakana ya mabehewa ya Washwood Heath, mtaa wa jirani, ilifungwa mwaka 2005, na eneo hilo limetengwa kwa karakana ya treni za reli mpya ya kasi, HS2. Barabara ya Alum Rock, mtaani Saltley, sasa ni ya maduka ya vitambaa na dhahabu ya familia zilizotoka Kashmir na Pakistani, na wapo Wasomali pia. Nao wameletwa na kazi.

Aliyekuwa na miaka 25 siku ile sasa amevuka 75, na wengi tumeshawazika. Waliobaki wanakaa kwenye nyumba za matofali mekundu za Saltley, Ward End na Nechells, na wanaweza bado kuulizwa: nani alipiga kura ya hapana, nani alibaki kwenye mashine yake, mke alisema nini mshahara uliokatwa ulipofika nyumbani, na wale wanawake wa SU waliitwa nani.