Jimbo la Bolsover na Kura za Wachimba Makaa, 1950–2024

Jimbo la uchaguzi la Bolsover, lililoko Derbyshire nchini Uingereza, liliundwa mwaka 1950. Wakazi wake wengi waliishi kwa migodi ya makaa ya mawe, na wale waliowatuma Bungeni walikuwa wachimbaji wenzao: kwanza Harold Neal, kisha, tangu mwaka 1970, Dennis Skinner. Wote wawili walikuwa wa chama cha Labour.

Mgomo mkuu wa wachimbaji wa miaka ya 1984 na 1985 ulishindwa. Mwaka 1993 mgodi wa Bolsover ukafungwa. Hata hivyo, kura hazikuhama pamoja na kazi. Mwaka 1997 Skinner alishinda kwa tofauti ya kura 27,149, na jimbo likahesabiwa kuwa ngome isiyotikisika.

Lakini ngome ilikuwa ikimomonyoka. Mwaka 2016 wapiga kura 7 katika kila 10 wa wilaya ya Bolsover walitaka nchi yao itoke katika Umoja wa Ulaya. Mwaka 2017 tofauti ilishuka hadi kura 5,288. Mwaka 2019 Mark Fletcher wa chama cha Conservative alimshinda Skinner, aliyekuwa na umri wa miaka 87, kwa kura 5,299. Utumishi wa miaka 49 ukakoma. Mwaka 2024 Natalie Fleet alilirudisha jimbo kwa Labour.

Hivyo, uaminifu uliorithiwa waweza kudumu robo karne baada ya kazi iliyouzaa kutoweka. Lakini haudumu milele. Kila kizazi chastahili kuombwa upya.